Baada ya Shambulio la Moyo: Kwa Nini Aliyepata Nafuu Hana Budi Kurudi Kliniki

Mgonjwa wa malaria akimaliza dawa zake na homa ikamwacha, huhesabiwa kuwa amepona, na hakuna anayemlaumu akirudi shambani kwake. Kwa sababu ya mazoea hayo, watu wengi hudhani kwamba kila mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini ameachana na ugonjwa wake. Kwa mtu aliyepatwa na shambulio la moyo dhana hiyo si sahihi, na mara nyingine imegharimu maisha. Siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani ndiyo siku ambayo sehemu ndefu zaidi ya matibabu yake inaanza. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa misingi ya biolojia na fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari, ni mambo gani yanayoendelea ndani ya moyo huo na kwa nini kliniki ya wagonjwa wa nje ni ya lazima.

Tutumie mfano. Tumfikirie mzee wa miaka 58, mkulima wa kahawa katika kijiji kimoja cha milimani, karibu na Litembo, wilayani Mbinga. Asubuhi moja alishikwa na maumivu mazito katikati ya kifua, yakaenea hadi mkono wa kushoto na taya, huku akitokwa na jasho jembamba. Alifikishwa hospitalini, akatibiwa, na baada ya siku kadhaa akaruhusiwa akiwa na vidonge vya aina nne na kadi ya kliniki. Mwezi wa pili umeingia. Maumivu hayapo, mibuni inamngoja, na safari ya kliniki ni ya kupanda na kushuka vilima. Je, ana sababu gani ya kwenda?

Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wageni

Zamani swali hili lisingeulizwa hapa kwetu. Madaktari wa Afrika Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliuona ugonjwa wa ateri za moyo kwa nadra sana miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1956 Dakta Hugh Trowell, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, pamoja na mwenzake Singh, walichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa huo, na taarifa hiyo ikahesabiwa kuwa jambo la kustaajabisha.

Hali imebadilika. Shinikizo la damu, kisukari, sigara, unene na maisha ya kukaa vimeongezeka, mijini na vijijini. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 uliwachunguza watu wazima waliofika katika idara ya dharura wakilalamikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikutwa na shambulio la moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba katika muda wa siku 30, zaidi ya wagonjwa 40 kati ya kila 100 wenye shambulio hilo walikuwa wamefariki. Kwa hiyo wiki za mwanzo baada ya shambulio ni kipindi cha hatari kubwa, si kipindi cha kupumzika tu na kusahau.

Nini kinachotokea moyoni

Moyo hausharabu chakula chake kutoka katika damu inayojaa vyumba vyake. Msuli wake hulishwa na ateri mbili za nje, ziitwazo ateri za korona, zinazogawanyika kama mizizi ya mti. Kwa miaka mingi lehemu huweza kujikusanya ndani ya kuta za ateri hizo na kufanya uvimbe. Siku moja utando unaofunika uvimbe huo hupasuka, chembe sahani za damu hukimbilia hapo kana kwamba ni jeraha la kawaida, damu huganda, na njia huziba. Msuli ulio mbele ya kizibo hukosa oksijeni, na katika muda usiozidi saa moja sehemu yake huanza kufa.

Ngozi ikikatika hujiotesha tena. Msuli wa moyo hauna uwezo huo, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kuziba pengo. Mahali pa msuli uliokufa hufanyika kovu. Mwaka 1939 wachunguzi wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Mallory, walionyesha kwamba kovu hilo huchukua takriban wiki sita kukomaa. Kwa kuogopa kwamba ukuta laini ungepasuka, madaktari wa siku zile waliwalaza wagonjwa kitandani kwa majuma mengi bila kuwaruhusu hata kujilisha. Wengine walikufa si kwa ugonjwa wa moyo, bali kwa damu iliyoganda miguuni kwa sababu ya kulala mno na kisha kupanda mapafuni. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, wa Boston vilevile, walitangaza matokeo mazuri ya kuwakalisha wagonjwa vitini mapema. Tangu hapo matibabu yamehama polepole kutoka kitandani kwenda kliniki. Muda wa kulala umepungua hadi siku chache, na kazi ya uangalizi imekabidhiwa siku za kliniki. Asiyekwenda kliniki, basi, ameiacha nusu ya pili ya matibabu.

Kovu linapokomaa, moyo wote hubadilika umbo. Hapa fizikia yatusaidia. Mkazo ndani ya ukuta wa chombo cha mviringo chenye shinikizo hufuata kanuni ya Laplace:

mkazo = (shinikizo × nusu kipenyo) ÷ (2 × unene wa ukuta)

Tuchukue chumba cha kushoto cha moyo chenye nusu kipenyo cha sentimeta 3.0 na ukuta wa sentimeta 1.0. Kikitanuka hadi sentimeta 3.6, na ukuta ukawa mwembamba hadi sentimeta 0.8, mkazo huongezeka mara 1.5, ijapokuwa shinikizo la damu halikubadilika hata kidogo. Mkazo mkubwa huutanua moyo zaidi, na moyo uliotanuka huzaa mkazo mkubwa zaidi. Mzunguko huo ndio unaomfikisha mgonjwa kwenye moyo kushindwa kazi, miezi au miaka baada ya maumivu kusahauliwa. Nao huendelea kimyakimya. Mzee wetu hawezi kuuhisi. Ni kipimo tu kinachoweza kuugundua.

Vidonge vinne na kazi zake

Mgonjwa anayejua kazi ya kila kidonge hukitumia kwa uaminifu kuliko aliyeambiwa "meza hiki" bila maelezo. Mwalimu anaweza kutumia sehemu hii kama somo.

Kidonge cha kwanza ni aspirini, kwa kipimo kidogo cha miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na kwa kazi hiyo alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Katika chembe sahani, aspirini huharibu kabisa kimeng'enya kinachoziwezesha kushikamana. Chembe sahani hazina kiini, kwa hiyo haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Hubaki hivyo mpaka zife, baada ya siku 7 hadi 10. Lakini kila siku takriban sehemu moja kati ya kumi huzaliwa upya, zikiwa nzima na tayari kugandisha. Ndiyo sababu kipimo kidogo chatosha, na ndiyo sababu hakina budi kurudiwa kila siku. Mwaka 1988 utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 17,187 ulithibitisha kwamba aspirini iliyoanzwa mapema na kutumiwa mwezi mmoja ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo. Mgonjwa aliyewekewa kijineli cha waya cha kuitanua ateri huongezewa dawa ya pili ya namna hii, aghalabu klopidogreli, kwa muda ambao mara nyingi hufika miezi 12. Kuikatiza bila ruhusa kwaweza kukiziba kijineli hicho kwa ghafla.

Kidonge cha pili ni statini, kundi la dawa lililoanzia kwa Akira Endo wa Japani, ambaye katika miaka ya 1970 aliipata ya kwanza kutoka kwenye kuvu. Statini hupunguza utengenezaji wa lehemu katika ini na kuuimarisha utando wa uvimbe uliomo katika ateri. Mwaka 1994 nchi za Kaskazini mwa Ulaya zilitangaza utafiti wa wagonjwa 4,444 wa ateri za moyo, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu kidonge kisicho na dawa. Katika kundi la pili walikufa 256. Katika kundi la kwanza 182. Faida hiyo haikuonekana kwa wiki moja. Ilikusanywa kwa subira, kidonge baada ya kidonge.

Kidonge cha tatu ni cha kundi la vizuia-ACE, kama vile enalaprili, lisinoprili au kaptoprili. Hulegeza mishipa, hushusha shinikizo, na hivyo hupunguza mkazo tuliouona katika kanuni ya Laplace. Huweza kuleta kikohozi kikavu, na pia kuathiri figo na kupandisha potasiamu. Kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Kidonge cha nne ni kizuia-beta, ambacho hupunguza kasi ya moyo. Tufanye hesabu: moyo uliokuwa ukipiga mara 84 kwa dakika ukishuka hadi 64, huokoa mapigo 20 kila dakika, yaani 28,800 kwa siku. Zaidi ya hayo, chumba cha kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo unapolegea, si unapojikaza. Mapigo yakipungua, muda wa kulegea hurefuka na msuli hushiba. Dawa hii haimfai kila mtu. Mwenye pumu huweza kudhurika, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa hasa Sweden, haukuona faida yake kwa wagonjwa ambao nguvu ya kusukuma ya mioyo yao haikupungua. Lakini aliyekwisha kuianza asiiache kwa ghafla, kwa maana moyo huweza kuruka kasi na kushambuliwa upya. Nani aendelee na nani apunguziwe ni uamuzi unaofanywa kliniki, baada ya kupima.

Hapa pana onyo kwa wakulima. Mgongo ukiuma kwa sababu ya jembe, ni rahisi kununua dukani diklofenaki au ibuprofeni. Kwa aliyepata shambulio la moyo dawa hizo ni hatari: huzuia maji na chumvi kutoka mwilini, huongeza uwezekano wa shambulio jingine, na ibuprofeni huweza hata kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Mgonjwa amweleze daktari maumivu hayo, na amwambie pia juu ya mitishamba yoyote anayoitumia, bila kuona haya.

Siku ya kliniki

Wengi huiona kliniki kuwa ni mahali pa kupanga foleni ili kujaziwa vidonge. Kwa kweli kila kipimo kinachofanywa pale hujibu swali fulani.

Muuguzi anapopima shinikizo la damu, anauliza: je, moyo wenye kovu unasukuma dhidi ya mzigo mkubwa mno? Lengo la kawaida ni kushuka chini ya 140/90, na kwa wengi karibu na 130/80 ikiwa mgonjwa hapati kizunguzungu. Anapohesabu mapigo, anauliza kama dawa inatosha au imezidi, na kama mapigo yanafuatana sawasawa. Mzani nao hauulizi habari ya unene peke yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilogramu moja. Mtu hawezi kunenepa kilogramu mbili kwa siku tatu kwa kula ugali. Ongezeko la namna hiyo ni maji yanayobaki mwilini kwa sababu moyo umeanza kushindwa. Asiye na mzani nyumbani aangalie kama viatu vinambana jioni, kama kidole kikibonyezwa mguuni kinaacha shimo, na kama sasa anahitaji kulala ameinuliwa kichwa ili apate pumzi.

Daktari husikiliza mapafu, hupima umeme wa moyo, huagiza sukari, lehemu na uwezo wa figo, na panapowezekana huutazama moyo kwa mawimbi ya sauti ili kujua kama unatanuka. Kisha huuliza yale yasiyopimwa kwa chombo: usingizi, hofu, huzuni, sigara, na hata mambo ya unyumba. Huzuni baada ya shambulio la moyo ni jambo la kawaida, na huwafanya wengi waache dawa. Kuhusu sigara, tafiti nyingi zilizojumlishwa zimeonyesha kwamba mgonjwa anayeiacha hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban theluthi moja. Ni vigumu kupata dawa inayoshindana na tiba hiyo isiyouzwa.

Kutembea katika nchi ya milima

Vitabu vingi vya nchi za nje humwambia mgonjwa atembee dakika 30 kila siku mahali tambarare. Shauri hilo ni jema kwa mtu wa pwani ya Ziwa Nyasa kati ya Mbamba Bay na Liuli. Lakini katika milima ya Umatengo, inayopanda zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, tambarare haipatikani kwa urahisi.

Kazi ya mwili hupimwa kwa kuilinganisha na kukaa kimya. Tukiita nguvu ya kukaa kimya kipimo kimoja, kutembea taratibu mahali tambarare huhitaji vipimo vitatu hivi, kulima kwa jembe vitano, na kupanda mlima vipimo sita au saba. Mzigo kichwani huongeza zaidi. Kwa hiyo mzee wetu akitoka kitandani na kwenda moja kwa moja kupanda mlima akiwa na gunia la kahawa mbivu, ameurukia moyo wake kazi mara saba. Akikaa kitini mwaka mzima kwa hofu, nako ni kujidhuru, kwa kuwa mwili usiotumika hudhoofika na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi kwa kila hatua.

Njia ya kati ni hii. Wiki za kwanza atembee kwa kufuata ubavu wa mlima, si kuupanda, kwa dakika tano au kumi, mara mbili kwa siku. Aongeze dakika chache kila wiki. Kipimo chake kiwe mazungumzo: akiweza kuongea na mwenziwe njiani bila kukatika pumzi, kasi inafaa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Kupanda kuje baadaye, kwa vituo, bila mzigo, jembe lifuate, gunia liwe la mwisho, baada ya daktari kukubali. Kliniki yaweza kumpima bila mashine ya gharama: ujia tambarare wa meta 30, saa ya mkononi na chaki. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi kwa dakika sita na umbali huandikwa. Umbali ukiongezeka toka ziara hata ziara, hali yake ni njema. Ukipungua, hutafutwa sababu.

Kadi ndogo, safari ndefu

Katika nchi yetu kitovu cha matibabu ya moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambako ateri zilizoziba huweza kufunguliwa kwa mrija. Kutoka Songea hadi huko ni zaidi ya kilometa 900, na mtu wa Litembo hana budi kwanza kufika Songea. Mgonjwa hawezi kusafiri hivyo kila mwezi, wala haihitajiki. Ufuatiliaji mwingi tulioueleza waweza kufanywa karibu na nyumbani: katika hospitali kama ile ya Litembo, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Mbinga, au ile ya Mtakatifu Anna kule Liuli ufukweni, na kati ya ziara hizo katika kituo cha afya au zahanati. Ziara ya kwanza isipite wiki mbili baada ya kutoka wodini. Zinazofuata hupangwa kwa hali ya mgonjwa.

Mnyororo huu hushikwa na karatasi moja: kadi. Iandikwe aina ya shambulio, tarehe, kama kijineli kiliwekwa, dawa na vipimo vyake. Mgonjwa anayehamia ufukweni kwa ndugu zake wakati wa baridi na kuiacha kadi milimani humfanya tabibu mpya aanze gizani. Jamaa mmoja wa nyumbani, pengine mwanafunzi asomaye makala haya, ajue kuisoma, ahesabu vidonge kabla havijaisha, na azijue dalili za hatari. Maumivu ya kifua yasiyotulia kwa mapumziko, kukosa pumzi, au kuzimia yasingojee tarehe ya kliniki wala asubuhi.

Wamatengo wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mteremko wao mkali haukuachwa uchukuliwe na mvua: hufyeka nyasi, huzipanga kwa miraba, huzifunika kwa udongo na kuacha vishimo vya ngoro vinavyoyanasa maji. Lakini ngoro hazichimbwi mara moja zikasahauliwa. Anayeacha kuzifanyia kazi kwa sababu mwaka huu udongo haukuporomoka, atajuta mvua kubwa ikija. Moyo uliopona jeraha ni mteremko wa namna hiyo. Kutokuwa na maumivu hakumaanishi kwamba uangalizi umekuwa wa bure. Aghalabu ni dalili kwamba unafanya kazi.

Maswali na zoezi

1. Hesabu mapigo yako kwa dakika moja ukiwa umekaa, kisha baada ya kupanda ngazi au kilima kidogo. Mapigo huchukua dakika ngapi kurudi yalivyokuwa?

2. Kwa kutumia kanuni ya Laplace, onyesha mkazo utakuwa mara ngapi ikiwa nusu kipenyo kitaongezeka kutoka sentimeta 3.0 hadi 3.3 na unene wa ukuta usibadilike. Je, kushusha shinikizo kutoka 150 hadi 120 kutaufuta ongezeko hilo?

3. Kwa nini chembe hai yenye kiini ingeweza kupona athari ya aspirini upesi kuliko chembe sahani?

4. Pangeni darasani ratiba ya wiki nane ya kutembea kwa mgonjwa anayeishi katika kijiji chenu, mkizingatia milima, maji, na kazi za msimu.